Sura ya Tano: Dawa Ambayo Kipimo Hakiijui

Barabara inayochepuka Sangasanga, ikapita Mzumbe na kuingia Mlali, ni barabara ya mboga. Malori yanayoteremka kutoka Mgeta na Nyandira hubeba kabichi, karoti, viazi na njegere kwenda masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Maji ya Mto Mlali nayo huteremka Uluguru, yakanywesha bustani za nyanya za bondeni kabla ya kuishia Bwawa la Mindu, ambalo wakazi wa mji wa Morogoro huyategemea maji yake. Cha mlimani kinafika mjini upesi. Kinachoshushwa bandarini Dar es Salaam nacho hakina sababu ya kuchelewa kufika mlimani.

Ndiyo maana nimeichagua Mlali, kata ya Wilaya ya Mvomero, kuwa kituo cha sura inayohusu mashine za kisasa kabisa za kuchunguza sumu mwilini. Mashine hizo hazipo hapa, lakini kazi yao inaweza kuanzia hapa, na ikiharibika hapa haitengenezeki kwingine.

Kwa miaka mingi, afisa tabibu wa kata ya kilimo akiletewa kijana aliyezimia kijiweni amekuwa na mambo matatu ya kuyafikiria kwanza: pombe, bangi, na dawa ya kunyunyizia mboga. Pombe inanuka. Bangi huyafanya macho kuwa mekundu na kuupeleka moyo mbio, na haikuwa ngeni, kwani Morogoro ni mmojawapo wa mikoa ambako mashamba yake yamekuwa yakiteketezwa. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huzibana mboni za macho, humtoa mtu mate na jasho jingi na kumziba pumzi, na atropini ikiwahi humwokoa. Maarifa haya bado yana thamani kubwa. Ila sasa limeongezeka kundi la nne ambalo halina harufu moja, halina dalili za aina moja, na ambalo kipimo cha kawaida hulipita bila kuliona.

Kundi hilo ni la dawa mpya za kulevya: kemikali zinazobuniwa, au mimea inayoletwa kutoka mbali, ili kufanya kazi ya dawa zilizopigwa marufuku bila kuwa dawa zile zenyewe. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia Dawa za Kulevya na Uhalifu imeshapokea taarifa za zaidi ya aina 1,200 za dawa hizi kutoka pande zote za dunia. Nyingi hubadilishwa kidogo tu, chembe moja ya kaboni hapa au florini pale, na mabadiliko hayo yanatosha kuivusha dawa nje ya sheria na nje ya uwezo wa kipimo.

Tani 18 za majani

Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2015, ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Ulikuwa mzigo mkubwa mno, lakini yaliyokuwamo yalijulikana. Kipimo cha kubadilika rangi kipo, sheria ipo, na mkemia anajua cha kutafuta.

Katikati ya mwaka 2025 mamlaka hiyohiyo, chini ya Kamishna Jenerali Aretas Lyimo, ilitangaza mzigo wa namna nyingine: zaidi ya tani 18 za majani kutoka Sri Lanka, yaliyoingizwa kwa jina la mbolea. Yalikuwa ya mti uitwao Mitragyna speciosa, ambao duniani hujulikana kama kratom. Ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, wa ukoo mmoja na mbuni unaotupa kahawa. Vibarua wa Thailand na Malaysia wameyatafuna majani yake kwa vizazi ili kustahimili jua na kazi ngumu. Yakitumiwa kidogo huchangamsha. Yakizidi hutuliza maumivu na kulevya, kwa kuwa kemikali zake hushika vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo mofini na heroini hushika.

Kemikali kuu ya jani hilo ni mitragainini. Ikishamezwa, ini huichukua na kugeuza sehemu yake kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi. Hilo ndilo jambo la kwanza analofundishwa mchunguzi wa sumu: dawa iliyoingia mdomoni si lazima iwe ndiyo iliyofanya kazi, wala si lazima iwe ndiyo atakayoikuta kwenye damu. Mwili ni kiwanda. Anayetafuta malighafi peke yake huenda asiione, nayo bidhaa iko mbele yake.

Vifo tisa vya Sweden

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kanuni hiyo unahusu kratom hiyohiyo. Kati ya mwaka 2009 na 2010, katika muda usiotimia mwaka mmoja, watu tisa walifariki nchini Sweden wakiwa wametumia unga wa majani uliouzwa kwa jina la Krypton. Wauzaji walisema ni kratom. Robert Kronstrand na wenzake katika taasisi ya Sweden ya uchunguzi wa kitabibu wa kisheria walipima damu ya marehemu wote tisa, wakaikuta mitragainini. Kesi ingeweza kufungwa hapo: waliosema ni kratom wamesema kweli, na kratom ndiyo iliyoua.

Lakini katika damu hiyohiyo kulikuwa na kitu kingine, kemikali ambayo ini la binadamu huitengeneza kutokana na tramado. Tramado ni dawa ya maumivu inayofahamika vizuri Afrika Mashariki, hospitalini na kwa wanaoitumia vibaya. Mtu akimeza tramado, damu yake kwa kawaida huwa na vyote viwili: tramado yenyewe, na zao lake linalotoka kwenye ini, ambalo ndilo lenye nguvu kubwa zaidi ya kutuliza maumivu na kupunguza pumzi. Kwa marehemu wa Sweden zao lilikuwapo, ila tramado haikuwapo.

Matokeo hayo yalikuwa na maelezo mamoja ya kuridhisha. Ini halikulitengeneza zao lile, maana halikupewa cha kulitengenezea. Kuna mtu aliyelichanganya kwenye unga wa majani likiwa tayari, ili bidhaa yake iwe kali. Wanunuzi waliamini wanakunywa jani la asili, kumbe walikuwa wakinywa afyuni ya maabara. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2011, na mpaka leo ni somo kwa kila anayeingia fani hii.

Nalileta somo hilo nyumbani kwa sababu linagusa tani zile 18 moja kwa moja. Kuutambua mti ni mwanzo wa kazi. Kila shehena ya unga wa majani inastahili kuulizwa swali la pili, kwamba humu kuna nini zaidi ya majani. Na kila kijana atakayezidiwa baada ya kunywa "dawa ya asili ya kuongeza nguvu" anastahili kupimwa kwa upana, si kwa kile tu kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kipimo cha kijiti na mashine ya mizani

Kipimo cha haraka cha mkojo, kile cha kijiti kinachotoa mstari, hufanya kazi kama mlinzi wa geti aliyepewa orodha ya majina: aliyemo humkamata, asiyekuwamo humruhusu apite. Kijiti cha bangi kimetengenezwa kutambua umbo la mabaki ya THC, kemikali ya bangi iliyotenganishwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni huko Israel. Kemikali inayofanya kazi ya THC lakini yenye umbo tofauti haitakishtua.

Kemikali za namna hiyo zilitengenezwa kwa nia njema. John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, alizibuni kwa mamia ili wanasayansi wavielewe vipokezi vya ubongo, na mojawapo, iliyopewa herufi za jina lake, ni JWH-018. Mwishoni mwa mwaka 2008 wakemia wa Ujerumani waligundua kwamba majani ya kuvuta yaliyouzwa kama ubani, kwa jina la Spice, yalikuwa yamenyunyiziwa kemikali za aina hiyo. Katika kundi la Volker Auwärter mjini Freiburg, watafiti wawili walivuta wenyewe msokoto mmoja mmoja na kujitoa damu, ili wajue watafute nini. Ujerumani ilipiga marufuku JWH-018 Januari 2009. Wiki chache baadaye sokoni ilikuwapo ndugu yake, JWH-073, yenye mkia mfupi kwa kaboni moja.

Tangu hapo mbio hizo hazijasimama. Tarehe 12 Julai 2016, mtaani Brooklyn, New York, watu 33 walionekana wakitembea na kuganda kama wasiojitambua, na 18 kati yao wakapelekwa hospitali. Maabara ya Roy Gerona mjini San Francisco ilipokea sampuli za wagonjwa wanane pamoja na majani waliyovuta. Kwenye majani kulikuwa na AMB-FUBINACA, kemikali yenye nguvu mara 85 ya THC. Kwenye damu dawa hiyo haikuonekana kabisa. Kilichoonekana kwa wote wanane ni zao lake, kwa kiwango cha nanogramu 77 hadi 636 katika mililita moja. Mwili ulikuwa umeshaikata dawa yenyewe kabla sindano haijaingia mshipani.

Gerona alilionaje zao ambalo halikuwamo kwenye orodha ya kipimo chochote cha hospitali? Alitumia mashine inayozitenganisha kemikali za damu kwanza, kisha kupima uzito wa kila molekuli mpaka tarakimu ya nne baada ya nukta. Usahihi huo si anasa. Molekuli ya naitrojeni na ya kabonimonoksidi zote zina uzito wa 28 kwenye mizani ya kawaida, lakini kwenye mizani hii moja ni 28.0061 na nyingine 27.9949, na hapo hazichanganywi tena. Mashine ikishapima uzito huivunja molekuli na kupima vipande vyake, ili mkemia ajue viliungana wapi. Kwa njia hii anaweza kupendekeza umbo la kitu ambacho hajawahi kukiona. Bado atahitaji sampuli halisi ya kemikali hiyo ya kulinganishia kabla hajasimama mbele ya hakimu, na sampuli hizo ni ghali, huagizwa nje, na huchukua muda kufika.

Tanzania ina mahali pa kazi hiyo. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inahesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1895, enzi ya Wajerumani, na leo inaongozwa na Sheria Na. 8 ya mwaka 2016. Ndiko zinakopelekwa sampuli za dawa zilizokamatwa na za watu waliofariki kwa sumu. Hakuna mashine, hata hivyo, inayoweza kukirudisha kilichokwisha kupotea njiani.

Mirungi na saa zinazokwenda

Mpenzi wa mirungi anajua kwamba majani ya jana hayana utamu wa leo. Ndiyo maana miraa ya Meru, Kenya, hufungwa kwenye majani ya mgomba na kukimbizwa usiku kucha ifike ingali mbichi. Sababu yake iligunduliwa na maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975: jani bichi lina kathinoni, kichangamshi kikali kinachojivunja kadiri jani linavyokauka na kubaki kitu dhaifu.

Kathinoni hiyo ndiyo mama wa ukoo mzima wa dawa za kutengenezwa. Mmoja wa wanawe, mefedroni, alitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1929, akasahauliwa, kisha akafufuka Ulaya katika muongo wa kwanza wa karne hii. Uingereza aliuzwa waziwazi kwenye pakiti zilizoandikwa kuwa ni chakula cha mimea kisichofaa kuliwa na binadamu, mpaka alipopigwa marufuku Aprili 2010. Mzigo wa Sri Lanka uliovaa jina la mbolea haukubuni hila mpya.

Watoto hawa wamerithi udhaifu wa mama yao. Nyingi kati ya kathinoni za kutengenezwa huendelea kuvunjika ndani ya damu iliyokwisha kutolewa, na joto huongeza kasi. Damu iliyowekwa kwenye chupa isiyo na kihifadhi, ikakaa mezani mchana kutwa katika joto la bondeni, kisha ikasafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam, inaweza kufika haina kitu. Mashine itasema kweli kwamba dawa haikuonekana, na kweli hiyo itakuwa imempotosha kila mtu.

Kinga yake ni rahisi. Chupa yenye kofia ya kijivu, ileile ambayo maabara huitumia kwa kipimo cha sukari, ina floridi inayosaidia kuzuia uharibifu huo. Jokofu linasaidia zaidi. Saa ya kutoa damu iandikwe, na saa ambayo mgonjwa alitumia dawa iandikwe kama inajulikana. Mkojo utolewe pia, kwa kuwa mazao ya dawa hukaa humo muda mrefu kuliko kwenye damu. Kete, msokoto au pakiti iliyobaki ihifadhiwe peke yake na kufungwa kwa lakiri, maana kwenye kisa cha Brooklyn majani ndiyo yaliyoonyesha dawa ambayo damu haikuwa nayo tena. Kila mkono uliopokea sampuli uandikwe, kwani mlolongo ukikatika mahali pamoja, wakili atauvunja ushahidi wote.

Kwa aliyefariki kuna sharti lingine. Baada ya kifo dawa huvuja kutoka kwenye ini na mapafu kuingia kwenye damu iliyo karibu na moyo, na kipimo cha damu hiyo kinaweza kuonyesha kiasi kikubwa kuliko alichokuwa nacho marehemu akiwa hai. Damu ya kuaminika zaidi hutolewa kwenye mshipa wa paja. Tena itolewe mapema, maana familia nyingi za huku huzika haraka, za Kiislamu hasa, na haki yao hiyo inastahili kuheshimiwa. Daktari anayejua anachotaka anaweza kuchukua sampuli bila kuchelewesha mazishi. Asiyejua huweza kuomba baadaye kaburi lifukuliwe, na kuwatia ndugu uchungu kwa mara ya pili.

Pengo linapojazwa na uvumi

Tarehe 4 Aprili 2024, Rais Julius Maada Bio wa Sierra Leone alitangaza hali ya dharura ya kitaifa kwa sababu ya dawa iitwayo kush, iliyokuwa ikiwaangusha vijana mitaani. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba kush ina unga wa mifupa ya binadamu, mpaka makaburi ya Freetown yakawekewa ulinzi. Wachunguzi wa taasisi ya Clingendael ya Uholanzi na wenzao wa shirika la GI-TOC walipoipima na kuchapisha matokeo Februari 2025, walikuta kemikali za jamii ya zile za Huffman, na walikuta nitazeni, afyuni za kutengenezwa zilizobuniwa na kampuni ya CIBA ya Uswisi katika miaka ya 1950 na ambazo hazikuwahi kuruhusiwa kuwa dawa ya hospitali.

Tofauti ya mifupa na nitazeni ni tofauti ya uhai na kifo. Mifupa haina tiba ya kupendekeza. Nitazeni huzuia pumzi kwa njia ileile ya heroini, na kwa hiyo naloksoni, dawa inayowafufua waliozidiwa na heroini, inaweza kumrudisha mgonjwa, ingawa wakati mwingine huhitaji kurudiwa. Vijana walikufa wakati jibu lilikuwa ndani ya unga waliokuwa wakiuvuta, likisubiri mtu wa kulipima.

Nasi tuna uvumi wetu vijiweni, na tuna kizuizi kingine kikubwa: aibu. Kijana akizidiwa, wenzake humbwaga mlangoni mwa zahanati na kutoweka kwa kuogopa polisi. Mzazi huficha pakiti ili jina la ukoo lisichafuke. Muuguzi aliyechoka humwita mgonjwa teja, na tangu hapo hapati tena neno la kweli kutoka kwake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hapa kifo huweza kupita bila kuumbua chochote. Kinaandikwa kuwa ni moyo, ni malaria, au ni Mungu amependa, na dawa iliyoua inabaki sokoni ikimsubiri mwingine.

Naamini kwa dhati kwamba mgonjwa wa dawa za kulevya anapaswa kuulizwa ametumia nini kwa sauti ileile anayoulizwa mama mjamzito amekula nini. Jibu lake ni ushahidi wa kitaalamu. Mtumiaji ndiye anayejua kwamba mzigo wa wiki hii una ladha tofauti, kwamba unakausha mdomo kupita kawaida, kwamba watu watatu wameanguka tangu Jumamosi. Watafiti wa Freiburg walilazimika kuvuta wenyewe ili wajue watafute nini. Sisi hatuna haja hiyo ikiwa tutawasikiliza wanaovuta bila kuwatisha.

Sheria nazo zinahitaji kasi. Marekani tangu mwaka 1986 inaweza kumshtaki mtu kwa kemikali inayofanana na iliyopigwa marufuku. Uingereza mwaka 2016 ilipiga marufuku kuuza karibu kila kitu kinachobadilisha akili, isipokuwa vilivyotajwa kuwa halali. China mwaka 2019 ilizuia kwa pamoja ukoo mzima wa fentanili, afyuni nyingine ya kutengenezwa, na mwaka 2021 ikazifuata bangi za kutengenezwa, yaani kemikali za jamii ya zile za Huffman. Kila njia ina kasoro zake, ila zote zimekiri kwamba kutaja dawa moja moja ni kufuata nyuma. Hata hivyo, sheria pana isiyo na maabara nzuri ni hatari kwa raia, kwa kuwa humtia mtu hatiani kwa kitu ambacho hakuna aliyekithibitisha. Mkemia yupo kwa ajili ya mshtakiwa kama alivyo kwa ajili ya mlalamikaji.

Kwa hiyo ulinzi wa Mlali dhidi ya dawa ambayo bado haijabuniwa unajengwa na vitu ambavyo tayari tunavifahamu: chupa ya kofia ya kijivu kwenye kituo cha afya, jokofu linalowaka, daftari lenye saa, usafiri unaojulikana wa kupeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu, na majibu yanayorudi kwa afisa tabibu aliyezituma, si kwa mahakama peke yake, ili mgonjwa wa pili atibiwe kwa alichojifunza kwa wa kwanza. Mzazi wa Mlali aliyempoteza mwanawe ana haki ya kuambiwa kilichomuua, kwa jina na kwa uthibitisho, kama kilivyothibitishwa kwa marehemu wa Sweden. Haki hiyo inatimizwa au inapotea katika saa za kwanza, mikononi mwa anayeshika sindano.